Msimu wa Alama Saba

Michenga, 3 Mei

Mvua ya jana ilikuwa ndogo. Maji yanashuka. Mpunga wa upande wa mtoni umeanza kuinamisha vichwa, na ndege kweleakwelea wameshaujua.

Leo kamati ya zahanati imekutana. Mimi ni mwenyekiti wake tangu nilipostaafu ualimu. Muuguzi wetu, Violeth, ametueleza kazi mpya: kuwatafuta watu wenye kisukari ambao hawajijui. Hatuwezi kumchoma kila mtu kidole, kwa kuwa vipande vya kupimia damu ni vichache, na vikiisha haviletwi mapema. Kwa hiyo kila mtu mzima ataulizwa maswali machache, kisha atapimwa kiuno kwa futi laini kama ile ya fundi cherehani. Kila jibu lina alama zake. Umri mkubwa una alama, kiuno kipana kina alama, kukaa bila kutoa jasho kuna alama, na kuwa na ndugu wa damu mwenye kisukari kuna alama. Mwenye saba au zaidi atapimwa damu. Mwenye pungufu ataambiwa ahsante na kushauriwa juu ya chakula.

Nimeupenda utaratibu huu. Ni wa haki na unaeleweka. Kwa pendekezo langu kamati imepitisha kwamba hakuna atakayechomwa kidole bila kufikisha saba, awe nani. Nilisema, "Tukianza kugawa kwa kujuana, vipande vitakwisha kabla hatujavuka barabara."

Kazi ya nyumba kwa nyumba amepewa Beno, mhudumu wa afya wa kijiji. Beno ni mume wa binti yangu Edna. Wakati wa kupiga kura nilitoka nje, yasije yakasemwa maneno.

6 Mei

Nimefuatana na Beno ili nione kazi inavyoanza. Tulianzia dukani kwa Yunusi. Ndugu huyu hushinda kwenye kiti chake kuanzia asubuhi hadi kufunga duka, na mkono wake unafika kwenye kila rafu bila yeye kusimama.

"Shikamoo Mwalimu! Karibuni. Hicho kiuno mkipime taratibu, kimegharimu pilau nyingi."

Beno alizungusha futi. Ilibaki ncha ndogo tu ya kushika. Yunusi akasema marehemu mama yake alikuwa na kisukari. Alama zilipita saba kwa mbali. Alipochomwa kidole, mashine ikaonyesha sukari nyingi.

Yunusi alikifuta kidole, akasema, "Miaka yote nauza sukari, kumbe nyingine nilikuwa naibakiza mwilini."

Amekubali kwenda zahanati kesho. Maswali machache na futi vimemgundua mtu ambaye hakuwa na habari. Nimeridhika.

7 Mei

Mvua ya manyunyu. Ndege wengi.

9 Mei

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Beno alisimama nje ya ua mpaka nilipomkaribisha. Mke wangu, Agnella, alipoisikia sauti yake aliingia nyuma ya mkeka unaogawa baraza. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na hawali chungu kimoja. Beno alichuchumaa uso ukielekea barabarani, akaniuliza mimi.

"Baba, naomba umuulize mama kama anakula mboga kila siku."

Agnella alikuwa hatua mbili kutoka kwetu na alisikia kila neno. Hata hivyo alisubiri nimuulize, ndipo akajibu, "Mwambie mkweo ninakula. Mboga ni bure huku."

"Baba, naomba umuulize kama anafanya kazi ya kutoa jasho."

"Mwambie mkweo aje bondeni aone ni nani anayevuna."

Wazazi wake walikufa kwa uzee, na ndugu zake hawajawahi kuambiwa wana kisukari. Shinikizo la damu hana. Tulipofika kwenye kiuno, Beno aliikunja futi akairudisha mkobani. Karatasi ina visanduku vitatu: kiuno chembamba ambacho hakina alama, cha kati chenye alama tatu, na kipana chenye alama nne. Beno alitia tiki kwenye cha kwanza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, nikitia kingine ni kama nimemtazama."

Nilimwambia amelelewa vizuri, na ndivyo nilivyoona. Vijana wa siku hizi wanawapigia mama wakwe zao makofi ya mgongoni.

Agnella amepata alama tatu za umri, basi. Hana neno.

Mimi nimepata tano.

14 Mei

Tumehamia kwenye kibanda cha shamba mpaka mavuno yaishe. Nusu ya kijiji iko huku. Jirani yetu ni Minza, Msukuma, ambaye mumewe ana ng'ombe na mkokoteni. Beno atawafuata watu hukuhuku mashambani.

15 Mei

Tumeanza kuvuna. Vibarua wanne.

18 Mei

Jua kali. Agnella amemaliza mtungi wa maji kabla ya saa sita mchana. Nilidhani vibarua wamekunywa. Wao wana ndoo yao.

19 Mei

Mtungi tena.

22 Mei

Agnella amechomwa na bua la mpunga kwenye kidole cha mguu, kile kinachofuata kidole gumba. Ajabu ni kwamba yeye hakujua. Minza ndiye aliyeiona damu kwenye kandambili.

"Mama Edna, we, umekatwa!"

"Wapi?"

Ameosha kwa maji ya chumvi.

24 Mei

Sisimizi wamejaa nyuma ya kibanda, mahali pa kujisaidia haja ndogo. Wamepanga mistari. Nimemwaga majivu.

25 Mei

Sisimizi wamerudi. Nimemwaga majivu tena.

29 Mei

Kupiga mpunga. Magunia manane. Turubai limetoboka pembeni. Beno alipita kwenye vibanda vya upande wa kusini, akaja kunipa taarifa. Watu watatu wamegundulika wiki hii, wote wanaume. Nilimuuliza kwa nini ni wanaume tu. Akasema, "Labda wanawake wa kwetu wanafanya kazi sana, baba." Jibu lilinitosha.

2 Juni

Agnella anachoka. Jana alilala mchana, jambo ambalo hajapata kulifanya katika mavuno. Kidonda hakijafunga. Nguo zinamlegea mabegani, ingawa tumboni hazijabadilika. Jioni, tukiwa tunapepeta, akaniambia:

"Baba Edna, Violeth hawezi kunipima hiyo damu?"

"Una alama tatu."

"Basi hizo tatu zimenichosha."

Nilimweleza kwa utaratibu. Mke wa mwenyekiti akipimwa kwa alama tatu, kesho nitamwambia nini mwenye sita? Polikarpo wa kamati yetu anasubiri jambo kama hili kama paka anavyosubiri samaki. Sheria niliipendekeza mimi mwenyewe mbele ya watu.

Agnella alichukua kikombe akaenda mtungini.

4 Juni

Mtungi mara mbili. Nimenunua wa pili kwa Yunusi. Anatumia dawa zake na anatembea kila jioni. Anasema hamu ya maji imemwisha.

"Wewe nani anakunywa maji kwako, Mwalimu, mpaka mtungi mmoja hautoshi?"

Nikamwambia ni joto.

5 Juni

Si joto. Asubuhi hii kulikuwa na ukungu na baridi, naye alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu kabla ya uji. Nimekaa kwenye gunia nikitazama. Kisha nikajiambia kwamba utaratibu umetengenezwa na watu waliosoma udaktari, na mimi nilisomea kufundisha.

8 Juni

Edna alikuja na uji wa lishe. Alikitazama kidonda cha mama yake kwa muda mrefu, akanitazama mimi.

9 Juni

Kidole kimevimba. Agnella anasema hakiumi. Ningefurahi kama kingeuma.

10 Juni

Nimemwambia kesho nitampeleka zahanati kwa ajili ya kidonda. Kidonda hakihitaji alama. Amesema tumalize kwanza kipande cha mwisho, kwa kuwa vibarua wataondoka kwenda Mlimba. Nilikubali. Naandika hapa kwamba nilikubali.

12 Juni

Leo nitaandika kwa kirefu, kwa sababu nataka jambo hili likae kama lilivyotokea.

Alfajiri Agnella hakuamka. Nilipomgusa alikuwa wa moto, na maneno yake yalikuwa yakikatika. Kidole kilikuwa cheusi kwenye ncha. Nilimwita Minza, naye akamtuma mumewe kwenda kuwakamata ng'ombe, maana walikuwa wamefunguliwa malishoni. Tukiwa tunasubiri, nikasikia nje, "Hodi baba, shikamoo." Alikuwa Beno. Alikuwa amekuja kuchukua magunia ya Edna, na mkoba wake wa kazi ulikuwa begani.

Nilimweleza hali. Aliuweka mkoba chini. Alisimama akiwa ameelekea shambani, mgongo ukiwa kwenye kibanda, kama inavyompasa.

"Baba," akasema, "mimi kile kiuno cha mama sikukipima."

"Najua. Nilikuwepo."

"Niliweka tu."

"Najua, Beno. Nilikuona na nikakusifu."

Minza, ambaye alikuwa ameshika kikombe mlangoni, alituangalia mmoja mmoja. "Nyie watu," akasema, "mnaongea nini? Kiuno si hicho hapo? Kipimeni!"

Nikamwambia Beno anipe futi. Akaitoa mkobani, akainyoosha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka, nami nikaipokea. Niliingia ndani. Agnella alifumbua macho alipohisi ninapitisha mkono chini ya mgongo wake.

"Unafanya nini, Baba Edna?"

"Ninakupima."

"Miaka yote hii," akasema polepole, "leo ndiyo umeamua kunishonea gauni?"

Minza alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Niliizungusha futi juu ya kitovu kama Violeth alivyotuonyesha. Futi ilijipinda, ikanibidi nirudie. Mara zote mbili nilipata tisini na sita. Hicho ni kisanduku cha tatu. Kina alama nne. Nne na tatu ni saba.

"Saba," nilimwambia Beno kupitia ukuta wa mabua.

"Saba, baba."

"Basi amefika. Nipe mashine."

Kumchoma kidole yeye asingeweza. Alinielekeza kutoka nje, akiwa ameelekea shambani vilevile. Ingiza kipande mpaka mwisho, baba. Futa kidole kwa maji safi, kikauke. Choma pembeni, usichome katikati. Kandamiza. Gusa tone kwa ncha ya kipande. Ngoja.

Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili, H na I. Nilidhani nimekosea nikamsomea.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Imepita mwisho wa mashine, baba. Haiwezi kuhesabu zaidi."

Ng'ombe walifika. Mimi, Minza na mumewe tulimpakia Agnella juu ya mkokoteni, kwenye turubai lililotoboka. Beno alishika kamba ya ng'ombe mbele. Njia nzima mpaka barabara kuu hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini kila tulipofika kwenye shimo alitangulia kusema, "Shimo, mama, shikilia," na Agnella akashikilia. Nilikuwa sijapata kumsikia akizungumza naye moja kwa moja.

Barabarani tulipata gari la mpunga mpaka hospitali mjini Ifakara.

13 Juni

Wamempa dripu na insulini. Daktari ameuliza kwa nini tumechelewa. Nimemjibu kwa sentensi moja, naye akaiandika.

14 Juni

Ametambua watu. Ameuliza kama magunia ya mwisho yamefunikwa.

16 Juni

Wamekikata kidole. Mguu umebaki. Daktari anasema wiki moja zaidi ingekuwa habari nyingine.

Violeth alikuja kumtazama. Nilimuuliza kuhusu kiu, na kidonda, na sisimizi. Akanieleza kwamba sukari ikizidi mwilini hutoka na mkojo, na sisimizi huifuata. Nilimwaga majivu mara mbili.

17 Juni

Sina la kuandika. Nimekaa kitandani kwake. Amelala vizuri.

21 Juni

Beno alikuja hospitalini. Alibaki barazani, akanipa mlangoni chungwa la mama, kisha akakumbuka ugonjwa wake akalichukua tena. Nikatoka tukakaa pamoja.

"Beno, ni wanawake wangapi umewatia kisanduku cha kwanza bila futi?"

Alitazama viatu vyake. "Mama wote, baba."

"Mama gani?"

"Dada zake mama. Binamu zake. Wale aliokua nao. Wote Edna anawaita mama. Mimi nitawashikaje viuno?"

Nilianza kuwahesabu kichwani nikaacha. Katika kitongoji chetu, wanawake watu wazima ambao si mama wa Edna ni wachache. Ndiyo maana waliogundulika walikuwa wanaume.

Sikumgombeza. Alifanya nililomsifia.

25 Juni

Tumemrudisha Agnella nyumbani. Anatembea kwa fimbo. Mpunga wote uko ndani. Violeth anakuja kumfundisha kujichoma sindano. Anajichoma mwenyewe. Mimi nikitazama natoka jasho.

27 Juni

Kamati. Nilieleza jambo lote tangu mwanzo. Polikarpo aliinua mkono kabla sijakaa.

"Mwalimu, kama nimesikia vizuri, leo mwenyekiti anatuomba tuivunje sheria ya mwenyekiti?"

Watu wakacheka. Anastahili kicheko chake.

"Hapana," nikasema. "Ninaomba tuifuate. Sheria ilisema kila mtu apimwe kiuno. Hatukuwapima."

"Nani atawapima sasa? Beno mkwe wao. Wewe nusu yao ni shemeji zako. Mimi kuna dada zangu humo, siwagusi. Violeth yuko peke yake na foleni ya watoto mpaka mlangoni."

Tuliahirisha bila jibu.

28 Juni

Niliporudi jana nilimsimulia Agnella. Alikuwa anachambua mchele, mguu akiwa ameuweka juu ya kigoda. Hakusimamisha mikono.

"Waheshimiwa mmekaa asubuhi nzima mkitafuta mtu wa kuwapima wanawake," akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo futi iko wapi?"

1 Julai

Violeth amemwelekeza Agnella asubuhi moja. Minza anamsindikiza na kumbebea kiti. Agnella ananiambia hawahitaji mwenyekiti. Nimebaki nyumbani, nikapika ugali. Haukuwa mzuri.

3 Julai

Upepo. Kuanika mpunga.

5 Julai

Wamerudi wakicheka tangu njiani. Wamempima Balbina, mdogo wake Agnella, ambaye alipiga kelele kwamba anabanwa kama mzigo wa kuni. Agnella akamwambia, "Nyamaza, mimi nimekatwa kidole nikanyamaza." Balbina alinyamaza. Safari hii swali la ndugu mwenye kisukari nalo lina jibu jingine, na ndugu mwenyewe ndiye aliyeshika futi. Alama zikapita saba. Zahanati wamemkuta na sukari. Agnella alimvua kandambili hapohapo akamtazama katikati ya vidole vyote vya miguu, kimoja kimoja. Hakuna kidonda.

9 Julai

Wawili zaidi, wote kwa jina mama wa Edna. Nimemwambia Violeth aagize vipande vingine. Amesema ameshaagiza.

13 Julai

Mazao yameuzwa nusu. Nusu imebaki kwa chakula.

Jioni hii Beno alileta taarifa ya mwezi. Aliomba hodi, Agnella akajikongoja mpaka nyuma ya mkeka, akakaa. Beno akachuchumaa uso ukielekea barabarani. Nilisoma taarifa yote. Kila mtu mzima wa kitongoji alikuwemo, na kila kiuno kilikuwa na sentimita zake.

Nikasema kazi imekwisha. Sauti ikatoka nyuma ya mkeka.

"Baba Edna, muulize mkweo, yeye kapimwa na nani?"

Beno akatazama barabara. Nikaangalia taarifa upya. Jina lake halikuwemo. Mpimaji alikuwa amemwandika kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na hakuna aliyelifikiria hilo. Beno ana tumbo. Edna anampikia vizuri.

"Mama anauliza," nikasema.

"Nimemsikia, baba."

"Simama."

Alisimama, akafungua vifungo vya shati. Agnella akamwambia Minza, aliyekuwa amekaa naye, apitishe futi juu ya mkeka. Nilimzungushia. Nilihesabu miaka yake, nikamuuliza maswali yote bila kuruka hata moja, yakiwemo ambayo majibu yake nayajua. Kwa kila jibu, Agnella alijumlisha kwa sauti upande wake.

"Ngapi?" akauliza mwishoni.

"Sita."

"Mimi pia nimepata sita," akasema. "Mwambie apunguze ugali wa usiku."

Beno alitazama kopo la vipande alilokuwa amelifungua mkobani, kisha akanitazama. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyekosa kwa alama moja na anajua mwalimu ana kalamu mkononi. Sita si saba. Nililifunga kopo nikampa alirudishe zahanati, nikamwambia tutapimana tena mwakani kabla ya mavuno.

Kisha nikaongeza jina lake chini ya majina mengine, na mbele yake nikaandika sita. Ni sita iliyopimwa.